Bwana Kibali na Swali la Kikongwe

Kuna watu wakistaafu wanapumzika, na kuna Bwana Kibali. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake katika ofisi ya washauri wa ujenzi, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, ambako kwa miaka mingi haikununuliwa rimu ya karatasi, halikutoka gari wala hakwenda mtu likizo mpaka yeye aseme sawa. Alikuwa meneja utawala. Wahandisi walipiga hesabu za nguzo na wachoraji walichora, lakini mwisho wa yote kulikuwa na kitufe cha kukubali kwenye kompyuta, na kitufe hicho kilikuwa chake. Alikibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, akishamaliza maswali yake.

Siku ya kuondoka walimpa saa ya ukutani na soda, wakaagana naye mbiombio kwa sababu kulikuwa na michoro ya mteja ya kupeleka. Akasimama mlangoni, akawaambia neno moja tu, "Mtanitafuta," kisha akaenda nyumbani kusubiri wamtafute.

Akasubiri weee. Simu aliingia nayo bafuni, akaiweka juu ya kisahani cha sabuni isije ikalia hayupo. Ikilia, ni binti yake anamsalimu, au mtu kakosea namba, na huyo aliyekosea namba atajuta, maana ataulizwa alikuwa anamtafuta nani na kwa shughuli gani. Ofisi, kimya. Sasa mtu aliyezoea kuendesha watu huwezi kumwambia akae atulie. Akahamishia utawala nyumbani. Mkewe, mwalimu mstaafu, mama mwenye moyo wa pekee, akawa anaamka anaulizwa kazi ya kufua imefikia hatua gani. Masufuria yakapangwa upya kwa ukubwa, yale anayoyatumia kila siku yakaenda juu kabisa ambako hayafikii. Akisema sukari imekwisha, mume anainuka kwenda kuchungulia kopo.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi moja, "mimi niliolewa, sikuajiriwa."

"Najua," Bwana Kibali akajibu. "Ndiyo maana hujapata barua ya onyo."

Tucheke, lakini tusimcheke sana. Yule mzee alikuwa anaumia. Kila alipoamka alijiuliza wale watu wanaendeshaje ofisi bila yeye, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile: wanaiendesha. Hilo ndilo lililomkata maini. Alitaka kitu kimoja tu duniani, aitwe, hata mara moja, aende, ionekane kwamba bila yeye mambo hayaendi.

Basi siku hiyo simu ikalia, na jina lililotokea ni la Mama Masaa. Huyu alikuwa karani aliyekaa meza ya pili kutoka yake miaka yote ile. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mhandisi anaandika saa zake: leo nimefanya kazi ya mteja fulani, saa kadhaa. Wahandisi hawapendi kuandika, na yeye aliwafuata mpaka mlangoni mwa choo. Bwana Kibali aliona jina vizuri kabisa, akaiacha simu ilie kidogo, akasafisha koo.

"Halo. Nani mwenzangu?"

"Acha hizo, bosi, jina langu unaliona hapo," alisema Mama Masaa. "Habari za kupumzika?"

"Sijapumzika. Kuna nini?"

"Kikongwe kagoma."

Kikongwe ulikuwa mfumo wa kompyuta wa ofisi. Humo mlikuwa na kila kitu: wateja, miradi, saa za kazi, ankara, nani kaomba likizo na nani kanyimwa. Bwana Kibali mwenyewe ndiye aliyeuleta, akaujaza kwa kidole chake kile kile, na kwenye sehemu ya mwenye akaunti akaandika jina lake kamili. Sasa ofisi ilikuwa imepata mkurugenzi mpya, na mkurugenzi mpya hawezi kulala mpaka anunue kitu. Akanunua mfumo mpya wenye rangi na michoro, wafanyakazi wakauita Mrembo. Kazi iliyobaki ni kutoa data yote kwa Kikongwe na kuiingiza kwa Mrembo. Walijaribu kunakili kipande kwa mkono, safu zikahama, namba za simu zikaingia mahali pa saa za kazi. Dereva akaonekana amefanya kazi tangu kabla ya binadamu kuumbwa. Kiwanda cha saruji, mteja wao mkubwa, kikaonekana kipo likizo ya uzazi.

"Tukasema tusihangaike, tuwaombe wenye Kikongwe watufungulie tuitoe yote kwa pamoja," Mama Masaa aliendelea. "Wanasema hawafungui bila mwenye akaunti. Mkataba unakwisha wiki hii, ukikwisha wanafuta. Miradi yote, bosi. Kazi yako yote."

"Kwa hiyo mnataka nini?" aliuliza Bwana Kibali, ingawa alishajua, alitaka tu kulisikia likitamkwa.

"Tunakutaka wewe."

Akafumba macho. Neno tamu jamani. Alilisubiri mpaka lilikuwa limeanza kumkosesha usingizi, na sasa hili hapa, sikioni mwake. Alikuwa karibu kusema ataangalia ratiba yake, Mama Masaa akaongeza, "Ni kitu kidogo tu. Utajibu lile swali lako la siri. Wenzio wamebahatisha mara mbili wamekosa, wakikosa tena akaunti inafungwa. Swali lenyewe linasema, ni mfanyakazi mwenzako yupi unayemwamini kuliko wote. Ofisi nzima inakusubiri kesho. Kila mtu anasema ni yeye."

Bwana Kibali akafumbua macho. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili, kwa sababu jibu alilikumbuka.

Aliliandika siku ile ile aliyouleta Kikongwe ofisini. Asubuhi hiyo, wafanyakazi watatu wasiohusiana kwa damu wala kwa ndoa walikuwa wamemletea barua za kuomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi mmoja. Bibi huyo huyo, jina hilo hilo, mtaa huo huo. Akawanyima wote, akaketi mbele ya kompyuta na hasira zake, na kompyuta, kwa bahati mbaya, ikachagua muda ule kumuuliza anamwamini nani. Akaandika: hakuna.

Akashika simu mkononi, akawaza. Angeweza kuugua. Homa haina cheti. Lakini akikaa nyumbani, wiki inakwisha, Kikongwe kinafutwa, na kila alichowahi kukubali au kukataa maishani kinapotea kana kwamba hakuwahi kuingia ofisi ile. Akienda, ataitwa kama alivyoomba, atasimama mbele ya watu waliomsubiri, na atawaambia kwamba hajawahi kumwamini hata mmoja wao. Hakuona njia ya katikati, na mtu huyu alikuwa bingwa wa kutafuta njia ya katikati.

Mkewe, alipoambiwa, hakuuliza hata swali. Alikwisha kutoa pasi. "Nenda, baba watoto, watu wanakuhitaji," alisema, akanyoosha shati kwa furaha ambayo mwanamume makini angeitilia shaka. Bwana Kibali alikuwa na mambo mengine kichwani.

Asubuhi yake alipanda ngazi za ofisi amevaa suti. Meza yake ilikuwa bado pale, lakini juu yake walikuwa wameweka printa, na printa ilikuwa imekaa kwa raha zake. Hakupata nafasi ya kusema, kwa sababu walimvamia. Walikuwa wamenunua keki. Juu yake palikuwa na maandishi ya krimu, Karibu Mzee Wetu, na dereva alikuwa ameshailamba pembeni akidhani hakuna anayeona.

"Mzee, mimi sisemi kitu," dereva akamwambia, akimpokea koti. "Ila nani alikupeleka hospitali ile siku tumbo limekubana? Sisemi kitu."

Mchoraji naye akapita upande wa pili. "Nilikuazima mwavuli, ukumbuke. Na hukurudisha, na sikuudai."

Hata mkurugenzi, kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu, aliyeanzia ofisini hapo kama mwanagenzi wa kubeba futi na vigingi, alimshika mkono kwa mikono yote miwili akamwangalia machoni kwa namna ya mtu anayejua kwamba keshachaguliwa. Mama Masaa peke yake ndiye ambaye hakuja. Alimpungia mkono kutoka mezani kwake akaendelea kuandika.

Wakamkalisha chumba cha mikutano. Pembeni alikaa mtaalamu wa kuhamisha data, dada mpole aliyekodiwa kwa kazi hiyo, ana kompyuta mbili na hamjui mtu yeyote. Simu ikawekwa katikati ya meza, ikafunguliwa spika. Bwana Kibali alikuwa amejipanga kuandika jibu kwenye kompyuta huku ameziba skrini kwa bega, mambo yaishe. Hakuambiwa kwamba akaunti ikishakosewa mara mbili, jibu linatolewa kwa mdomo.

"Simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma zetu," ikasema sauti ya kijana wa kampuni ya Kikongwe. "Mzee, nikusomee swali lako?"

"Nalijua."

"Utaratibu unanitaka nilisome." Akalisoma. Chumba kikajisogeza mbele.

"Kijana wangu," alisema Bwana Kibali, "hili si ni swali la siri?"

"Ni la siri kabisa, mzee."

"Sasa mbona nalijibu kwenye spika?"

"Kwa sababu za kiusalama, mzee. Lazima wawepo mashahidi wa ofisi."

Akamgeukia mkurugenzi. "Shahidi mmoja anatosha. Wengine watoke."

"Watoke waende wapi, mzee? Hapa sote ni familia," mkurugenzi akajibu kwa upendo mkubwa, na dereva akavuta kiti akakaa kabisa.

"Naweza kubadilisha jibu kwanza?" Bwana Kibali akaiuliza simu.

"Bila shaka, mzee. Ukishajibu la sasa."

"Wewe taja tu," mchoraji akanong'ona. "Hatutaoneana wivu."

Jasho lilimtoka, na chumba kile kilikuwa na feni. Akaitazama keki. Akawatazama mmoja mmoja, nyuso zimechangamka, wanamngoja awape kitu ambacho hakuwahi kuwapa miaka yote aliyokaa nao. Aibu ilimshika hata akatamani lile tumbo la siku ile lirudi limbane tena apelekwe hospitali. Akasema kwa sauti ndogo.

"Sauti yako inakatika, mzee. Sema kwa nguvu kidogo."

"Hakuna," alisema Bwana Kibali.

"Nimesikia hakuna. Ndilo jibu lako? Likiwa si sahihi, akaunti inafungwa moja kwa moja."

Hapo chumba kikaingia kiwewe. Walidhani mzee anaharibu. Dereva alisimama. "Mzee, tulia, usikimbilie. Taja hata mimi, tuone." Mchoraji akasema ni umri, baba yake naye alianza hivyo hivyo. "Amechoka, mleteeni maji," mkurugenzi akasema, akainama karibu na simu. "Samahani ndugu, mzee wetu kumbukumbu zimemsumbua kidogo, tunaomba muda."

Na Bwana Kibali akaona mlango umefunguliwa. Walikuwa wanampa njia ya kutokea. Angesema tu ndiyo, wanangu, nimesahau, uzee huu. Wangemhurumia, wangemkatia keki, wangemsindikiza nyumbani kwa gari, kila mmoja akiamini moyoni kwamba jina lililosahaulika ni lake. Wangempenda mpaka kaburini. Na Kikongwe kingefutwa na kila kilichokuwamo. Akanywa yale maji, yote, kwa sababu yalikuwa yameshaletwa.

"Sijachoka na sijasahau," alisema. "Niliandika hakuna. Siku ile sikumwamini mtu yeyote ndani ya jengo hili. Kijana, andika. Hilo ndilo jibu langu."

Kwenye simu vidole vikasikika vikigonga.

"Ni sahihi, mzee. Akaunti imefunguliwa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi."

Yule dada mtaalamu, ambaye hamjui mtu, akapiga makofi. Alipoona yuko peke yake akaacha, akabonyeza kitu, akasema polepole, "Imeanza kuhama. Asilimia mbili." Hakuna aliyemjibu. Dereva aliketi taratibu. Mchoraji alikuwa anatazama keki kama vile imemtukana.

Bwana Kibali hakuwa mtu wa kujieleza, alikuwa mtu wa kuelezwa. Lakini siku hiyo alijieleza. Akawaambia habari za zile barua tatu na yule bibi mmoja, jinsi alivyokaa mbele ya kompyuta ana hasira, na jinsi jibu lilivyobaki humo hasira zikishaondoka. "Nilisahau kulibadilisha," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, akaongeza, "Au sikuona haja."

Dereva akakuna kisogo. "Mzee, ule msiba. Mimi nilikwenda mpirani."

"Nilikunyima ruhusa."

"Nilikwenda hivyo hivyo. Nilisema gari limepata pancha."

"Mimi nilikuwa na usaili wa kazi kwingine," alisema mchoraji. "Jina la bibi nililisikia kwa wenzangu nikalichukua. Na hata kazi yenyewe sikuipata."

Wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha dereva akashindwa. Bwana Kibali naye mdomo ulianza kumcheza. Akahesabu kichwani, akaona kuna mmoja hajasema, akauliza barua ya tatu ilikuwa ya nani, kwa maana amesahau.

"Ilikuwa yangu," alisema mkurugenzi. Hakuwa anacheka. "Mimi alikuwa bibi yangu kweli."

Kicheko kikakatika.

"Hawa ndio walioniiga mimi, mzee. Nilikuwa mwanagenzi, nisingeweza kutoroka kama wao. Nilifika jioni, watu wameshatoka makaburini."

Bwana Kibali aliweka mikono juu ya meza, akaitazama. Kitufe alichokuwa anajivunia maisha yake yote, siku ile kilimzuia mtoto wa watu kumzika bibi yake, na yeye akaenda nyumbani akala, akalala. Iliuma, na haikuwa na njia ya katikati. Akasimama. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikukosea, na wala sikujua."

"Yameshapita, mzee," mkurugenzi akajibu, na sauti yake ilionyesha kwamba mpaka dakika ile yalikuwa hayajapita. Akachukua kisu, akamkatia kipande cha kwanza. Kilikuwa kile cha pembeni kilicholambwa, lakini hakujua, na dereva hakusema.

"Asilimia arobaini," alisema mtaalamu, na safari hii watu walimjibu.

Data ilipomaliza kuhama, na kiwanda cha saruji kikaonekana kimerudi kuwa kiwanda, Bwana Kibali akavaa koti. Mama Masaa akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Walisimama hapo, chini yao mafundi wa duka la vioo wanakata kioo kwa kelele ile inayokera meno.

"Wewe peke yako hukushangaa," Bwana Kibali alimwambia.

"Ningeshangaa nini? Nalijua jibu lako tangu ulipolazwa. Paswodi ilipotea, mishahara inasubiri kukubaliwa, Kikongwe kikaniuliza unamwamini nani. Nikajaribu mara moja tu."

Akamwangalia vizuri. Alikumbuka aliporudi kutoka hospitali, alivyotamba kwa wiki nzima kwamba ameupanga mfumo vizuri mpaka unajiendesha wenyewe. "Na hukunisema?"

"Nikuseme kwa nani?"

"Sasa hawa walipokuwa wanabahatisha, mbona ulinyamaza? Ungewapa jibu, na mimi nisingepata aibu hii."

"Ningewapa jibu," alisema Mama Masaa, "halafu wewe ungeitwa na nani?"

Bwana Kibali akafungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Na mkeo alinipigia," akaendelea, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi. "Alisema mwiteni huyu mtu, hata kama hamna shida naye. Anasema unamhakiki mpaka chumvi."

"Mngenipigia tu mkasema njoo tunywe chai."

"Ungekuja?"

Akafikiri, na akafikiri kwa haki. Asingekuja. Angeuliza chai hiyo ni ya shughuli gani na nani ameiidhinisha.

"Jumatatu mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunaangalia kama kila kitu kimefika salama kwa Mrembo. Lakini yule dada ndiye anayefanya. Nikwambie ukweli, bosi, kazi yako hakuna."

"Nimekuuliza kazi?" Akashika ukingo wa ngazi, akashuka ngazi moja, akasimama. "Nitakuja saa nne. Muda wa chai."

"Kuja kukagua?"

"Kuja kukaa," alisema Bwana Kibali.